Mita moja inatosha?

Umeuliza kama kukaa mita moja mbali na mgonjwa kunatosha. Inategemea ugonjwa, na inategemea sana mahali mlipo. Wakati wa UVIKO-19, Shirika la Afya Duniani lilisema angalau mita 1, Marekani wakasema kama mita 2. Hesabu hiyo inatokana na matone ya mate: mtu akikohoa au kupiga chafya, yale mazito huanguka chini karibu naye. Lakini yapo madogo mno yanayoelea hewani kama moshi, na hayo hayajali umejitenga hatua ngapi ikiwa chumba kimefungwa. Surua ndiyo mfano mbaya zaidi; virusi vyake vinaweza kubaki hewani hadi saa 2 baada ya mgonjwa kutoka. Kwa hiyo fungua madirisha, vaa barakoa, punguza muda wa kukaa ndani pamoja. Kipindupindu ni habari nyingine, hicho hupita kwenye maji na chakula, kwa hiyo mita hazikusaidii kitu. Na tafadhali, kama unamuuguza mama, usiache kuzungumza naye. Keti mlangoni au dirishani, muongee. Upweke nao unaumiza.