Daftari la wodini

Baba alilazwa siku 19 kwa kiharusi. Presha alikuwa nayo miaka mingi, ila vidonge aliviacha mwenyewe alipoona kichwa hakimuumi tena. Hesabu inayoniuma mpaka leo ni kwamba dawa za mwaka mzima zisingefika bei ya siti skani, picha ya ubongo, aliyopigwa usiku ule.

Kama umekaa benchi la nje ya wodi unawaza umpigie nani tena, soma.

Bili ndiyo inayotisha, lakini kwetu pesa nyingi zilitokea mlango mwingine: bajaji kwenda na kurudi, uji, pampasi za wakubwa, dawa zilizokosekana dirishani tukaandikiwa tukanunue nje. Mdogo wangu alifunga genge lake ili amuuguze, na hasara hiyo haina risiti.

Siku ya nne nikanunua daftari. Nikaandika kila kipimo, nani kaagiza, kimelipiwa au bado. Asubuhi kabla ya raundi naandaa maswali mawili tu, maana daktari ana wagonjwa wodi nzima. Moja nililipenda: “Daktari, majibu ya kipimo hiki yatabadilisha dawa?” Hakuna aliyenikasirikia, na kipimo kimoja kiliahirishwa. Daftari hilohilo lilionyesha siti skani imeingizwa mara mbili kwenye bili. Mhasibu akaangalia, akaifuta, akaita mwingine.

Kosa letu kubwa halikuwa la pesa, ingawa liligeuka kuwa pesa. Tulimlisha baba uji akiwa amelala chali, kwa mapenzi kabisa. Mtu wa kiharusi mara nyingi kumeza kunamsumbua, na chakula kikipitia njia ya hewa huleta nimonia. Siku ya sita homa ikapanda, akakohoa, antibaiotiki za sindano zikaanza. Zaidi ya wiki iliongezeka hapo. Nesi wa zamu ya usiku ndiye aliyetufundisha: ulizeni kwanza kama anameza vizuri, mkalisheni wima, kijiko kidogo kidogo, na asilazwe palepale akimaliza. Akatuonyesha pia kumgeuza kila baada ya saa mbili, kwa sababu kidonda cha mgongoni kikianza, kinalala hospitali pamoja na mgonjwa.

Ofisi ya ustawi wa jamii tuliikumbuka siku ya kuruhusiwa. Tumechelewa! Hapa Tanzania mzee wa miaka 60 na kuendelea asiye na uwezo ana msamaha wa gharama za matibabu kwenye hospitali za serikali, lakini huombi mikono mitupu. Nenda siku ya kwanza au ya pili, na barua ya serikali ya mtaa na kitambulisho. Aibu tuliyoogopa haikuwepo. Dada wa pale alituuliza tu mbona hatukuja mapema.

Baba sasa anafika gengeni kwa mkongojo. Vidonge vinakaa juu ya redio, na taarifa ya habari ya saa mbili usiku ikianza, anameza.