Jibu: Ni uvivu au ADHD?
Mdogo wangu, umeuliza kama kuacha asaimenti mpaka usiku wa mwisho ni uvivu au ADHD, yaani hali ya ubongo inayomfanya mtu ashindwe kumakinika au kutulia. Hilo peke yake halitoshi, maana nusu ya bweni wangeandikiwa dawa. Daktari atakuuliza ya utotoni: dalili ziwe zilianza kabla ya miaka 12, tena zionekane darasani na kwingineko pia. Kwa hiyo mpigie mama, muulize ulikuwaje shule ya msingi. Ripoti za zamani kama zipo, zibebe. Hapa Tabora anzia hospitali ya Kitete, ulizia huduma ya afya ya akili. Mtajie daktari na usingizi wako, maana kukosa usingizi nako huvuruga umakini. Ukipata barua ya daktari, mwone mshauri wa wanafunzi mapema, kabla ya mitihani, uombe muda wa ziada.