Re: Picha zangu za Kaole zinatoka nyeupe, nifanyeje?

Mdogo wangu, simu yako haina tatizo. Umesema ulifika kwenye magofu ya kale ya Kaole, pale Bagamoyo, saa saba mchana. Jua la utosini kwenye yale mawe ya matumbawe lazima likuunguzie picha. Nenda saa moja asubuhi. Jua likiwa chini, mwanga unalamba ukuta kwa ubavu, na kila kitundu cha tumbawe kinatupa kivuli chake. Kwenye makaburi ya nguzo, yale yenye mnara wa mawe juu yake, gusa kioo cha simu pale penye mwanga mkali zaidi kisha ushushe mwanga kidogo. Usipande juu ya kaburi kutafuta pembe, tafadhali.

Bagamoyo jua linachomoza baharini, kwa hiyo ngalawa zipige picha alfajiri zikiwa vivuli vyeusi. Ila wavuvi wasalimie kwanza. Mimi niliwahi kuelekeza kamera kabla ya salamu, nikafokewa mbele ya soko zima, na haki yao. Siku hizi nakaa, nanunua samaki, halafu naomba.

Saadani, ile hifadhi ya wanyama, iache kwanza. Wanyama kwa simu utaambulia vidoa tu.

Halafu futa lenzi kwa kitambaa laini cha pamba, chumvi ya bahari inatia ukungu.