Kwa wageni wa tuisheni: itazame namba kabla ya kuigawanya

Wadogo zangu mliojiunga na tuisheni yetu ya jioni hapa Moshi, simu iwekeni mfukoni kwanza. Kikokotoo kitakupa jibu, lakini hakikwambii kwa nini namba imegawanyika wala ujaribu nini baada ya hapo.

Kazi yetu ni kuivunja namba kuwa vigawo tasa, yaani namba zinazogawanyika kwa 1 na kwa zenyewe tu. Anzeni na namba za vilele vya Kilimanjaro mnavyoviona kila asubuhi mawingu yakiondoka. Kibo ni mita 5,895. Jumla ya tarakimu zake ni 27, kwa hiyo inagawanyika kwa 9. Inabaki 655, na hapo 5 iko wazi. Imekwisha: 3 × 3 × 5 × 131. Sasa Mawenzi, mita 5,149. Ni kifupi kuliko Kibo, ila muulizeni mpagazi yeyote kipi kigumu kupanda. Na namba yake ina ukaidi uleule: 2, 3, 5, 7, 11, 13 na 17 zote zinagoma, mpaka ufike 19 ndipo upate 19 × 271.

Ndiyo maana kila mgeni huwa nampa 720,720. Wengi hukimbilia kugawa kwa 2, tena kwa 2, tena kwa 2. Si kosa, ila inachosha bure. Itazame: 720 imeandikwa mara mbili. Kwa hiyo ni 720 × 1,001, na 1,001 ni 7 × 11 × 13 (mimi si mtu wa kukaririsha watoto, lakini hii ikariri). Ile 720 ni 16 × 9 × 5. Vigawo tasa vyote mkononi: 2⁴ × 3² × 5 × 7 × 11 × 13.

Ukiwa na mstari huo, maswali mengine ni mepesi. Ina vigawo vingapi? Kila kipeo kiongeze 1, kisha zidisha: 5 × 3 × 2 × 2 × 2 × 2 = 240. Usithubutu kuviorodhesha. Ndiyo KDS (Kigawe Kidogo cha Shirika, yaani namba ndogo kuliko zote inayogawanyika kwa kila moja) ya namba zote kuanzia 1 hadi 16. Ukitaka iwe namba mraba, tazama zisizo na wenza: 5, 7, 11 na 13. Zidisha kwa 5,005, na kipeuo cha pili cha jibu ni 60,060.

Sasa mtego. Nikiandika 720,721 ubaoni, hakosi wa kusema: “Mwalimu, 2 hadi 16 zote zinaacha baki 1, basi hiyo ni tasa.” Baki ni kweli. Utasa haujathibitishwa, maana kuanzia 17 kwenda juu hatujasema kitu. Kipeuo chake cha pili hakifiki 849, kwa hiyo unajaribu namba tasa moja baada ya nyingine kuelekea huko, na njia ya mkato sina. Inakubali kwenye 71: ni 71 × 10,151. Je, 10,151 nayo? Usirudi 17, kwa sababu zilizogoma mwanzo zitagoma tena. Kipeuo chake hakifiki 101, basi zimebaki 71, 73, 79, 83, 89 na 97 tu. Zote zinagoma. Hiyo ni tasa.

Jirani wa upande wa pili, 720,719, ni kazi yenu ya nyumbani. Anzeni na 17. Kabla hamjafika 40 itafunguka, ila msiweke kalamu chini hapo: kitakachobaki nacho kinagawanyika.