Matofali ya tanuri la chokaa yamebanduka ndani ya miezi mitano: ninunue yapi?

SWALI: Shikamoo mhandisi. Nasimamia tanuri la wima la kuchoma chokaa hapa Tanga. Ndani ya ganda la chuma, sehemu inayokaa matofali ina kipenyo cha mita 2.6. Tunachoma kwa kuni na makumbi ya nazi kupitia midomo minne ya moto, na kila Jumamosi jioni tunazima mpaka Jumatatu. Mwaka jana tulijenga kwa matofali ya alumina (oksidi ya aluminiamu) asilimia 70. Miezi mitano tu yakaanza kubanduka usawa wa midomo ya moto, vipande bapa vya unene wa vidole viwili, kwa mbele vina kioo cha rangi ya kahawia. Muuzaji ananishauri nipande hadi asilimia 90. Jamaa mwingine ananiuzia kwa bei ya chini matofali ya magnesia (oksidi ya magnesiamu) yaliyobaki kiwanda cha saruji, yana alama 320 na 620, unene wa milimita 200, yamekaa nje chini ya turubai tangu kabla ya masika. Na fundi wangu anasema mota ya kuunganishia matofali ikitiwa saruji kidogo itashika zaidi. Nifanye nini?

JIBU: Marahaba mwanangu. Umefanya vizuri kueleza vipande vilivyoanguka vikoje, maana hapo ndipo jibu lilipo. Kwanza nikuombe usilipe chochote wiki hii, si kwa muuzaji wa asilimia 90, si kwa huyo jamaa wa magnesia.

Tofali likiyeyuka kwa joto, uso wake hulainika na kutiririka kama nta, na halibanduki bapa. Lako limebanduka bapa kwa sababu kuna kitu kimepenya ndani ya vitundu vyake na kuvimba. Kitu hicho ni potasiamu, na inatoka kwenye makumbi. Majivu ya makumbi ya nazi yana potasiamu nyingi mno, na ndiyo maana mkulima anayafurahia shambani. Ndani ya tanuri huwa mvuke, mvuke unaingia kwenye tofali, unafika mahali penye joto pungufu kidogo nyuma ya uso, na hapo unatulia na kuungana na alumina na silika (madini ya mchanga) zilizomo kwenye tofali. Madini yanayozaliwa yanahitaji nafasi kubwa kuliko yale ya awali. Tabaka la mbele linasukumwa, linapasuka sambamba na uso, linaanguka. Kisha tabaka linalofuata linaanza safari hiyohiyo.

Kwa hiyo asilimia 90 haikusaidii. Watu wengi wanaamini kwamba alumina ikizidi tofali linazidi ubora katika kila jambo. Kwa joto kali peke yake ni kweli. Kwa potasiamu mara nyingi ni kinyume: alumina ndiyo chakula chake. Tofali la udongo wa moto, yaani udongo unaostahimili moto, lenye alumina asilimia 25 hadi 30, kwa kuwa lina silika nyingi, linajitengenezea kioo kizito usoni kinachoziba vitundu na kuzuia mvuke kuingia zaidi. Viwanda vya saruji hutumia matofali ya namna hiyo makusudi kwenye minara ya kupashia malighafi.

Ila wewe unachoma chokaa, na chokaa ina ugomvi wake. Chokaa, alumina na silika vikikutana kwa uwiano fulani, mchanganyiko huanza kuyeyuka kwenye nyuzi 1170 hivi za Selsiasi, ingawa kila kimoja peke yake kinavumilia moto mkubwa zaidi ya huo. Jiwe lako linahitaji nyuzi 900 na ushei kutoa hewa ya ukaa, lakini mbele ya mdomo wa moto, makumbi makavu yakishika kwa pamoja, unapita 1170 bila kujua. Kile kioo cha kahawia ulichokiona ndicho hicho.

Ushauri wangu wa tofali ni huu. Usawa wa midomo ya moto, mita moja chini yake na mita moja na nusu juu yake, weka matofali ya andalusaiti (madini ya alumina na silika) yenye alumina asilimia 55 hadi 60, vitundu visizidi asilimia 16. Andalusaiti huchimbwa kwa wingi Afrika Kusini, na matofali yake yanavumilia potasiamu na kupashwa na kupozwa vizuri kuliko hayo ya asilimia 70 uliyokuwa nayo. Juu kabisa, mawe yanapoangukia, na chini kwenye kupozea, tofali gumu la udongo wa moto la alumina asilimia 40 linatosha. Usitupe pesa huko.

Kabla ya kuagiza, fanya jaribio ambalo nimelifanya mara nyingi na halijanidanganya. Chukua tofali moja la kila aina unayofikiria. Toboa shimo la upana wa milimita 50 na kina cha 40. Jaza majivu yenu wenyewe yaliyochanganywa na unga wa chokaa yenu, funika kwa kipande cha tofali lilelile, liweke kwenye chumba cha moto ambako joto ni kali, liache zamu nzima. Lipoe polepole, usilimwagie maji. Kisha likate katikati kwa grainda, barakoa ikiwa puani. Kwenye tofali zuri utaona shimo limebaki na kingo zake kali, labda na mstari mwembamba wa kioo. Kwenye baya, kingo zimeliwa na kuna doa limezama ndani kama mafuta kwenye karatasi, na ukitazama vizuri kuna nyufa zinazolizunguka doa. Vipande viwili vya tofali vikiwa mezani, bosi wako hatahitaji maelezo.

Pia nunua mizani. Tofali la kawaida la milimita 230 kwa 114 kwa 65 likiwa la udongo wa moto lina uzito wa kilo 3.5 hivi, la alumina asilimia 70 linakaribia kilo 4.4, la magnesia ni kama kilo 5. Ukiletewa tofali linaloitwa la asilimia 70 likawa na kilo 3.6, lebo na tofali havisemi kitu kimoja.

Sasa hayo ya magnesia. Kikemia magnesia na chokaa ni ndugu, hawadhuriani, na matanuri makubwa ya chokaa huitumia hasa kwenye eneo la moto. Nakukataza kwa sababu mbili nyingine.

Ya kwanza ni umbo. Alama 320 maana yake tofali limechongwa kwa tanuri la kipenyo cha mita 3, unene milimita 200. 620 ni la mita 6. Yote mawili yana upana wa milimita 103 nyuma, upande wa ganda. Mbele, upande wa moto, 320 lina milimita 89 na 620 lina kama 96. Kipenyo chako ni 2.6, kwa hiyo kwa unene huo mbele ilitakiwa iwe milimita 87. Unaweza kusema milimita mbili si kitu. Zipange uone: nyuso za mbele zinagusana wakati migongo imeachana milimita 2 na zaidi, kila tofali, duara zima. Ukitumia 620 pengo linapita milimita 10. Fundi atajaza mota huko nyuma na ukuta utaonekana umesimama. Ukiwasha, magnesia inatanuka kiasi cha milimita 13 kwa kila mita ikifika nyuzi 1000, zaidi ya mara mbili ya udongo wa moto, na mkandamizo wote unabebwa na ule ukingo mwembamba wa mbele. Utasikia mlio wa kupasuka kabla hujafika nusu ya joto.

Ya pili ni masika. Magnesia ikipata unyevu inaungana na maji na ujazo wake unazidi mara mbili. Joto la pwani linaharakisha. Niliwahi kuitwa kiwanda kimoja kukagua shehena iliyokaa uani mvua zote, turubai limechanika pembeni. Kwa mbali matofali yalikuwa mapya kabisa, nembo bado zinasomeka. Nikashika moja kwa vidole kwenye pembe, pembe ikabaki mkononi mwangu na iliyobaki ikamwagika kama biskuti iliyolowa. Ndani palikuwa na unga mweupe hadi katikati. Tulikagua paleti moja baada ya nyingine, na karibu zote zilikwenda kwenye kifusi. Kuyakausha hakusaidii: moto unayatoa hayo maji lakini uimara haurudi. Ukitaka kujiridhisha na ya jamaa yako, gonga moja kwa nyundo ndogo. Zima lina mlio wa kengele, lililooza lina mlio wa kibuyu. Kisha livunje, ukwangue katikati kwa ukucha.

Hayo utakayonunua wewe yana msamaha kidogo, maana udongo wa moto na andalusaiti vikilowa hukauka vikatumika. Hata hivyo yaweke ndani ya ghala, juu ya paleti, paleti mbili kwenda juu zisizidi, mbali na ukuta unaovuja. Mota ndiyo ya kulindwa zaidi: mfuko ulioganda usiuponde ukautumia.

Na saruji hapana. Nasema hivyo nikiwa na heshima kwa fundi wako, kwa sababu kwenye nyumba yuko sahihi. Saruji ya kawaida ikipita nyuzi 450 hivi vifungo vyake vinavunjika na inabaki chokaa ndani ya kiungo. Mkizima Jumamosi, chokaa hiyo inanyonya unyevu wa bahari, inavimba na kutikisa tofali. Tena inashusha joto ambalo kiungo kinaanza kuyeyuka. Tumia mota ya jamii moja na tofali, nyepesi kama uji, tofali lichovywe au lipakwe, ligongwe kwa nyundo ya mpira mpaka mota itoke pembeni. Kiungo kiwe milimita moja hadi mbili. Kiungo kinene ni mahali moto utakapoingilia.

Kati ya ganda na matofali acha nafasi ya sufi ya kauri (nyuzi laini zinazostahimili moto), milimita 20. Kwenda juu, ukuta wa udongo wa moto hutanuka milimita 5 hadi 6 kwa mita kwenye nyuzi 1000, kwa hiyo chomelea mikanda ya chuma ndani ya ganda kila baada ya mita mbili au tatu, kila mkanda ubebe matofali yake, na chini ya kila mkanda uache pengo lililojazwa sufi. Bila hivyo ukuta wote unanyanyuka na kukalia yale matofali dhaifu ya midomo ya moto. Tofali la kufungia duara usilikate likabaki chini ya theluthi mbili za unene wake. Ni afadhali ukate mawili kidogokidogo.

Kuwasha mara ya kwanza: moto mdogo wa kuni, nyuzi 120, saa 24 nzima, milango ya juu wazi mvuke utoke. Kisha nyuzi 25 kwa saa hadi 600, pumzika hapo saa sita, halafu 40 kwa saa. Hiyo ni kama siku mbili na nusu hadi tatu. Bosi atalalamika. Mwonyeshe bei ya matofali.

Hiyo Jumamosi yenu nadhani imechangia uharibifu sawa na makumbi. Kila mkizima, uso wa tofali unasinyaa kabla ya mgongo. Halafu chokaa iliyobaki ndani, msipoiondoa, inanyonya unyevu, inajizima yenyewe palepale, inavimba na kusukuma ukuta kutoka ndani. Msizime. Punguzeni moto, fungeni vipitisha hewa, mtu mmoja alinde zamu na kuongeza kuni chache. Makumbi yatumieni kuwashia tu, kazi ifanywe na kuni. Kama lazima mzime, shusheni chokaa yote iliyoiva kwanza.

Chora alama 16 kwa rangi kwenye ganda kuzunguka usawa wa midomo, uzipime kila siku saa ileile kwa kipimajoto cha bunduki, uandike daftarini. Namba ya siku moja haina maana kubwa. Alama iliyokuwa nyuzi 140 ikawa 170, kisha 210 ndani ya wiki mbili, inakuambia tofali la hapo linaondoka. Chuma kikionekana chekundu usiku, kimeshapita nyuzi 500. Usikimwagie maji, kitajikunja na duara lako litapotea. Punguza moto, panga kuzima kwa utaratibu.

Na siku ya kuingia ndani kukagua, naomba hili ulisome mara mbili. Jiwe la chokaa hutoa hewa ya ukaa, ni nzito kuliko hewa ya kawaida, inatuama chini ya tanuri hata baada ya moto kufa. Haina harufu. Fungua juu na chini, puliza hewa kwa feni, pima kwa kifaa cha gesi ukipima na kaboni monoksaidi, na mtu abaki mlangoni ameshika kamba ya aliyeingia. Aliye nje akiona mwenzake ameanguka avute kamba, asiingie. Matofali yaliyolegea yaangushwe kuanzia juu, na anayeangusha asisimame chini yake.

Nipelekee picha za lile tofali la jaribio ukishalikata. Kama mdomo wa tatu na wa nne ndiyo iliyoliwa zaidi, nitajie na upepo wa kusi unapiga upande gani wa tanuri, maana hilo nitataka kulijua kabla hujaagiza idadi.