Anayekwenda Kasulu kwa mafunzo: usihesabu hata saa moja kabla ya kumjua anayesaini

Usipande basi Jumatatu. Katika maelezo yako umeandika sentensi ambayo mimi niliiamini miaka michache iliyopita, na ikanigharimu mwaka mzima: "Mratibu amesema nisihangaike, fomu za saa zitasainiwa zote mwishoni." Umeuliza kama nafasi hiyo inafaa kwa mafunzo ya vitendo ya uzamili wa unasihi, kama saa za kuelimisha vikundi zinahesabika, kama ni lazima kujua Kiha, lugha ya wenyeji, na kama ukodi chumba mjini au karibu na kambi ya wakimbizi. Yote ni maswali mazuri, lakini hakuna hata moja litakalokusaidia iwapo fomu zako za kuthibitisha saa ulizofanya mafunzo zitasainiwa na mtu asiyestahili kuzisaini.

Mimi nilipangiwa kituo kimoja Kigoma mjini, chini ya mradi uliokuwa ukifadhiliwa kutoka nje. Mratibu alinipokea kwa bashasha, akanionyesha meza, akanipa fulana ya mradi, akaniambia kwamba msimamizi wangu ni yeye. Nilipomuuliza kuhusu kikao cha usimamizi cha kila wiki, yaani kukaa na msimamizi kupitia kazi yangu na wateja, alicheka, akasema hapo wanafanya kazi, hawakai darasani. Kaka yule alikuwa na shahada ya biashara. Sina ugomvi na biashara, maana mama yangu alinisomesha kwa kuuza mawese, lakini mama hakuwahi kujitolea kunisimamia katika unasihi, na kwa hilo alimzidi mratibu busara.

Kwa wiki 16 nilionana na wateja, nikaandika kumbukumbu, nikajaza saa kwenye daftari langu la shule lenye jedwali la kuzidisha nyuma ya jalada. Fomu rasmi za chuo zilikaa kwenye bahasha, kwa kuwa zingesainiwa mwishoni. Wiki ya mwisho ilipofika, mratibu alikuwa akisafiri, kwa hiyo nilimfuata alikokuwa akiagana na wenzake karibu na mwalo wa Kibirizi. Alizisaini fomu zote 16 juu ya boneti ya gari, upepo wa ziwa ukizipeperusha, mimi nikizishikilia kwa viganja viwili kama mtu anayefukuza kuku. Kalamu yake ilikwisha wino kwenye fomu ya tisa, akaazima ya dereva. Ndiyo maana wiki nane za kwanza zilikuwa na saini ya bluu na nane zilizobaki nyeusi, ile ya tisa ikiwa na mkwaruzo mkavu chini ya wino mweusi, kama jino lililong'olewa vibaya.

Mratibu wa mafunzo chuoni hakuhitaji hata dakika tano. Alizipanga fomu mezani, akaziangalia, kisha akaweka kidole kwenye mstari mmoja na kuniuliza kwa upole tarehe 8 Agosti nilikuwa wapi. Nilikuwa nimejaza saa sita za unasihi wa ana kwa ana. Tarehe 8 Agosti ni Nanenane, kituo kilikuwa kimefungwa, na mimi, kwa kumbukumbu zangu zote, nilikuwa nikila mgebuka wa kuchoma. Sikukusudia kudanganya. Nilikuwa nimenakili daftari kwenye fomu kwa kukisia wiki zilizopita, na kukisia kwa mtu aliyechoka hakuna tofauti kubwa na uongo. Saa zangu 318 zilikataliwa zote. Sababu ya kwanza iliyoandikwa kwenye barua haikuwa Nanenane; ilikuwa kwamba msimamizi hana taaluma ya unasihi wala fani inayokaribiana nayo.

Hapo ndipo nilipoelewa nimeuziwa mbuzi kwenye gunia, na gunia nilikuwa nimelibeba mwenyewe. Nililipa ada ya muhula wa ziada, nikarejesha chumba, nikaenda kuanza upya Tabora kwa treni ya reli ya kati nikiwa na masanduku mawili na aibu moja kubwa ambayo haikulipiwa nauli. Wenzangu walivaa majoho mwaka ule. Mimi niliona picha.

Kama hasara ingekuwa muda na fedha tu, nisingeandika kwa ukali huu. Katika wiki ya sita alikuja binti wa shule ya sekondari (nimeacha kila kitu kinachoweza kumtambulisha) akanieleza kwamba anapigwa nyumbani, na kwa namna alivyoshika mkono wake wa kushoto nilijua hasemi yote. Nilikuwa nimemwahidi usiri kwa maneno ya jumla, bila kumweleza mipaka yake mwanzoni, kwa sababu hakuna aliyekuwa amenisikiliza nikifungua kikao na kunisahihisha. Nilipomwendea mratibu, aliniomba jina la binti na picha ya fomu yake kwa ajili ya taarifa ya robo mwaka kwa mfadhili. Nilimnyima jina, lakini sikujua la kufanya baada ya hapo, nikakaa na jambo lile siku tisa. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mwanajamii mwenye ushahidi kwamba haki za mtoto zinakiukwa atoe taarifa kwa mamlaka ya serikali za mitaa. Niliisoma darasani na kuijibia mtihani. Siku ya kumi nilikwenda kwa afisa ustawi wa jamii, mama wa makamo aliyekuwa na foleni mlangoni. Alinisikiliza hadi mwisho, akauliza swali moja: "Siku tisa ulikuwa unamsubiri nani?" Binti alipata msaada, namshukuru Mungu. Swali lile bado sijalijibu.

Nilikuwa namsubiri msimamizi, mdogo wangu, na sikuwa naye.

Tabora nilimpata wa kweli, mnasihi mstaafu aliyekuwa akitukalisha wawili wawili kila Ijumaa alasiri. Ukurasa wa saa aliusaini siku hiyohiyo, wiki moja kwa wakati mmoja, na usipouleta anaweka mstari mwekundu kwenye nafasi ya wiki hiyo ili usiweze kuijaza baadaye. Mara ya kwanza nilimsomea kikao nilichojivunia sana, akanisimamisha katikati na kuniuliza kwa nini nilimpa mteja ushauri pale aliponyamaza. Nikasema nilitaka kumsaidia. Akasema, "Hapana, uliogopa ukimya." Kwa wiki 16 za Kigoma nilikuwa nikijaza kila ukimya wa wateja kwa nasaha, na katika fomu zangu ukimya huo wote ulihesabiwa kama kazi nzuri.

Kuhusu idadi ya saa: umetaja 600, na kati ya hizo 240 za kukaa na wateja. Najua ulikozitoa, kwa kuwa nami nilizitoa hukohuko kwenye intaneti. Hivyo ni viwango vya CACREP, chombo cha Marekani kinachotoa ithibati kwa programu za unasihi, na hata hao wanataka kwa wastani saa moja ya usimamizi kila wiki kwa mwanafunzi mmoja au wawili, mbali na saa moja na nusu ya usimamizi wa kikundi. Watu hunakili namba 600 kwa furaha na kuiacha sentensi ya usimamizi inayofuata. Chuo chako kina mwongozo wake, na ndio utakaokuhukumu. Usome sehemu inayotaja sifa za msimamizi kabla ya ile inayotaja saa. Elimu ya vikundi inaweza kuhesabika kama kazi nyingine ya kituo, lakini kuwahutubia akina mama 60 kuhusu msongo wa mawazo chini ya mwembe hakukufanyi uwe umeonana na wateja 60. Mimi nilijaribu hesabu hiyo, na mratibu wa chuo ndipo alipocheka kwa mara ya kwanza na ya mwisho.

Kiha kitakusaidia, na Kirundi zaidi ukifanya kazi na Warundi, lakini hatari kubwa kuliko kutojua lugha ni kumtumia jirani wa mteja kuwa mkalimani. Na kama kituo chako kitakuingiza kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, kumbuka kwamba kambini huingii bila kibali cha Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi. Ukiwa unakisubiri usijaze saa za "kusoma mazingira" ukadhani utazitetea baadaye.

Sasa fanya hivi leo jioni. Mwandikie mratibu wako ujumbe, kwa barua pepe na si kwa simu, umwombe jina la msimamizi, taaluma yake, na siku na saa mtakayokutana kila wiki. Peleka majibu hayo kwa mratibu wa mafunzo chuoni, akubali kwa maandishi. Mwulize pia nani atashika nafasi hiyo msimamizi akihama au mradi ukifungwa, maana wangu ulifungwa mwezi mmoja baada ya saini za kwenye boneti na simu ya mratibu haikupokelewa tena. Barua hizo zikiwa mkononi, saa ya kwanza ianze kuhesabika siku ya kikao cha kwanza cha usimamizi, hata kama umeshakaa kituoni wiki mbili ukipanga mafaili.

Iwapo mratibu wako atakujibu tena "usihangaike", rudisha tiketi, kisha bandika jibu lake hapa bila jina lake. Nataka nione kama ni yuleyule.