Amplifaya ya marehemu baba imelala kwenye maji: osha kwanza, kausha baadaye

SWALI: Shikamoo fundi. Naandika kutoka Nkuhungu, hapa Dodoma. Mvua ya wiki iliyopita ilituingizia maji ndani usiku, yakafika magotini na kulala mpaka asubuhi. Kwenye rafu ya chini kulikuwa na vitu vya marehemu baba: amplifaya ya Sansui ya miaka ya 1970, mashine ya kupigia santuri, spika mbili kubwa za mbao, santuri na kaseti. Hakuna kilichokuwa kwenye umeme. Amplifaya na spika nimezianika juani, tope limeshakauka. Kaseti bado ziko kwenye ndoo na tope lake bichi, sijui nizifanyeje, na moja ina sauti ya baba akizungumza. Jirani yangu fundi simu anasema amplifaya niichomeke tu, joto lake litaikausha, au niifukie kwenye mchele. Mnunuzi wa vyuma chakavu naye anaitaka. Nifanye nini?

JIBU: Marahaba mwanangu. Poleni sana hapo nyumbani. Nikujibu ya haraka kwanza: usiiuze, usiichomeke kwenye umeme, na iondoe juani leo hii. Mchele nao uache. Hauwezi kuvuta unyevu uliojificha ndani ya transfoma, na vumbi lake la wanga litaingia kwenye swichi na voliumu, upate kazi ya pili juu ya ile ya kwanza.

Maji peke yake ni nadra kuua amplifaya ya aina hiyo. Zinazoiua ni sababu mbili. Ya kwanza ni umeme kupita ndani kukiwa bado na unyevu: shaba ya kwenye bodi huliwa, hugeuka kijani na kukatika. Hapo una bahati kubwa kwamba haikuwa imechomekwa. Ya pili ni tope lililoachwa likaukie ndani. Likishakauka linaonekana halina neno, lakini lina chumvi, na chumvi hunyonya unyevu upya kila hewa inapopoa. Ndiyo maana redio inayosemwa imekauka vizuri hupiga miezi michache, kisha ikaanza kukwaruza, upande mmoja ukapotea, na mwisho ikanyamaza. Kwa hiyo hata kama yako imeshakauka, itabidi uilowanishe tena ili uioshe. Najua inatia hofu kumwagia maji kitu kilichotoka kwenye maji, lakini hiyo ndiyo kazi yenyewe.

Kabla ya amplifaya, shughulikia ndoo ya kaseti. Amplifaya inaweza kusubiri wiki. Sauti ya mzee haiwezi, kwa sababu ukungu huanza kuota ndani ya siku mbili tatu, na tope likikaukia kwenye utepe linagandisha mizunguko yake. Usizikaushe zikiwa na tope hata kidogo. Vaa glavu, maana maji ya mafuriko hupitia vyooni, kisha zisuuze moja moja kwenye maji safi ya baridi. Ingiza kalamu kwenye tundu la gurudumu, zungusha taratibu huku maji yakipita ndani, badilisha maji mpaka yatoke meupe. Sabuni usitie, maji ya moto usitumie, wala spiriti isiguse utepe.

Maji ya mwisho ya kusuuzia yawe yale yaliyotoneshwa, yanayouzwa kwenye vituo vya mafuta na maduka ya vipuri kwa ajili ya kuongezea kwenye betri za magari. Soma chupa kwa makini, au muulize muuzaji mara mbili: unataka maji, hutaki asidi ya betri, na chupa zake huwekwa rafu moja. Hii ni muhimu zaidi kwetu hapa Dodoma kwa sababu visima vingi vina maji ya chumvi. Ule ukoko mweupe unaouona kwenye birika ndio utakaobaki kwenye utepe na kwenye bodi. Kama huna maji laini ya kusuuzia mwanzo, maji ya mvua uliyokinga baada ya bati kuoshwa na mvua ya kwanza ni bora kuliko ya kisima.

Kung'uta kaseti, zisimamishe kivulini penye upepo. Baada ya siku mbili hivi, zungusha kwa kalamu kutoka mwanzo hadi mwisho na kurudi, polepole, ili mizunguko iliyoshikana iachane. Ukihisi inavuta, simama, ipe siku nyingine. Ile yenye sauti ya baba nisingeipiga ikiwa ndani ya ganda lake. Kama ganda limefungwa kwa skrubu, nunua kaseti yoyote safi yenye skrubu, zifungue zote mbili zikiwa zimelala mezani, uhamishe magurudumu mawili na utepe wake kwenye ganda safi. Tazama sana kipande kidogo cha sufi kilichobandikwa kwenye kispringi cha shaba katikati, pale hedi, yaani kichwa cha deki kinachosoma utepe, inapogusa. Maji huyeyusha gundi yake, na sufi ikidondoka sauti inakuwa hafifu na ya mbali, mtu akadhani utepe umekufa. Ganda safi linakupa sufi nzima. Ukifika hatua ya kupiga, tumia deki nzima iliyosafishwa hedi, na urekodi kwenye simu au kompyuta palepale mara ya kwanza. Usisikilize kwanza halafu ndiyo urekodi. Kila upande ukiisha, safisha hedi kwa pamba yenye spiriti.

Sasa amplifaya. Fungua mfuniko. Kwa siku zilizopita kapasita kubwa, vile vikopo vinavyotunza umeme, zitakuwa zimeisha chaji, lakini pima kwa mita hata hivyo, na ukikuta volti imebaki iondoe kwa rezista ya wati 5 yenye omu mia chache. Usipige shoti kwa bisibisi. Piga picha nyingi kwa simu kila upande kabla ya kugusa chochote, kisha bandika alama kwenye nyaya. Bodi zinazotoka, zitoe. Ziloweshe kwa maji safi, lainisha tope kwa brashi laini ya rangi au mswaki wa mtoto, na usiharakishe chini ya vipuri vikubwa, maana tope hujificha pale penye miguu ya kapasita na ndani ya soketi. Suuza kwa maji yaliyotoneshwa. Ukipata isopropili ya asilimia 99, mimina kidogo mwisho: inasukuma maji yaliyobaki na kukauka haraka. Ile spiriti ya rangi inayouzwa madukani usiitumie hapa, rangi yake inabaki.

Kuna sehemu moja nakuomba uiogope: kioo au bamba la mbele lenye maandishi. Maandishi ya enzi hizo mara nyingi yamechapwa juu tu, na spiriti inayafuta kwa mpanguso mmoja. Pale tumia kitambaa chenye maji, ugusegusa bila kusugua.

Kukausha, Dodoma tumejaliwa. Ukitoa siku zenyewe za mvua, hewa yetu ni kavu na upepo haukosi. Kazi ya wiki hapa ni ya wiki nyingi kule Dar es Salaam. Ubaya ni vumbi. Bodi mbichi ikianikwa uani jioni, asubuhi imevaa tope jipya. Kausha ndani, kivulini, feni ikipuliza kwa mbali, na ufunike kwa kanga nyepesi iliyopauka. Jua kali linapinda plastiki, linabandua veneya ya mbao na kukausha mikanda ya mpira mpaka inapasuka.

Transfoma ndiyo itakayokupima subira. Waya zake zimefungwa tabaka juu ya tabaka na karatasi katikati, na maji yakishaingia humo feni haiyafikii. Tengeneza sanduku la mbao lenye matundu ya hewa na balbu ya wati 40 ya zile za zamani, kama lile la kulelea vifaranga, uweke transfoma ndani mbali kidogo na balbu. Weka na kipimajoto. Ukizunguka nyuzi 50 inatosha, na usivuke 60. Iache humo wiki nzima au zaidi. Kisha mtafute fundi umeme wa majumba mwenye mega, yaani mita ya kupima kama umeme unavuja, akupimie kwa volti 500 kati ya waya na chuma cha transfoma. Chini ya megaomu 1, irudishe kwenye sanduku. Mimi siridhiki mpaka ipande makumi ya megaomu. Ukiruka kipimo hiki ndipo watu wanapounguza transfoma iliyokuwa nzima, na transfoma ya Sansui ya miaka hiyo hutaikuta dukani. Shaba yake ndiyo mnunuzi wa chuma chakavu anayoitaka.

Spika zitakuuma zaidi. Kama masanduku ni ya mbao za maranda, yatakuwa yamevimba kona na hayarudi. Usihuzunike mapema: thamani iko kwenye spika zenyewe. Zifungue, zilaze karatasi yake ya mbele inayotetemeka ikitazama juu, usiiminye wala kuinyoosha ikiwa mbichi, iache ikauke yenyewe kivulini. Ikishakauka, weka vidole pande zote za kati na uisukume taratibu ndani na nje kwa usawa, sikio karibu. Ikienda kimya, koili, yaani waya uliozungushwa nyuma ya karatasi, iko salama. Ukisikia kukwaruza, kuna kutu au mchanga kwenye ufa wa sumaku, na hiyo ni kazi ya fundi wa kubadilisha koili. Masanduku mapya seremala yeyote mzuri atayatengeneza kwa plaiwudi ya milimita 18. Mpe vipimo vya ndani, siyo vya nje, na kama kuna bomba la besi, urefu na upana wake ubaki vilevile, la sivyo mlio utabadilika.

Santuri za plastiki ni ngumu kuliko unavyodhani. Zitoe kwenye majalada kabla hayajagandana, zioshe kwa maji yenye tone la sabuni ya vyombo, ukifuata mzunguko wa mistari kwa kitambaa laini na kulinda lebo ya katikati isilowe. Suuza kwa maji yaliyotoneshwa, simamisha kivulini. Zikitiwa jua zitajikunja na hazinyooki tena. Majalada yapange kati ya karatasi nyeupe na uzito juu, ukibadilisha karatasi kila siku. Angalia tu kama mzee aliacha zile nzito za kasi ya 78 zinazovunjika zikianguka. Hizo spiriti inaziyeyusha, na hazitakiwi kuloweshwa; zipanguse kwa kitambaa chenye unyevu na uzikaushe upesi.

Mashine ya santuri: osha tope, badilisha mkanda wa mpira kama inao, toa sahani, futa mhimili na tundu lake mpaka pawe pasafi, tia tone moja au mawili ya mafuta ya cherehani. Sindano iangalie kwa kioo cha kukuzia kabla ya kuiweka juu ya santuri yoyote.

Siku ya kuwasha amplifaya, spika zisiwepo. Nyuma angalia kama kuna kichaguzi cha volti: kiwe kwenye 220 au 240, maana nyingine zililetwa kutoka Japani kwa volti 100. Fyuzi iwe ya kiwango kilichoandikwa, na usikubali mtu akufungie waya mahali pake. Puliza dawa ya kusafishia swichi na voliumu, zungusha kila kitasa mara nyingi. Kisha unga balbu ya wati 60 au 100 kwa mfululizo kwenye waya mmoja wa umeme. Iwe ile ya zamani yenye uzi unaowaka, ya LED haifai. Ukiwasha, balbu ikiwaka ghafla halafu ikafifia, mambo ni mazuri. Ikibaki inawaka sana, zima mara moja: kuna shoti, na balbu imekuokolea transfoma.

Ikififia, chukua mita, pima volti ya DC kwenye vituo vya spika vya kila upande. Chini ya milivolti 50 ni salama. Ukikuta volti nzima au zaidi, usiunge spika, itaunguza koili. Mpelekee fundi wa amplifaya na umwambie apime transista za kutolea sauti kabla ya kuzitoa. Za bandia zimejaa sokoni, na nyingi hazifiki nguvu iliyoandikwa juu yake. Za zamani zilizo nzima zibaki mahali pake.

Vipimo vikiwa sawa pande zote mbili, iache ikiwaka saa nzima ukiwa karibu nayo, ukinusa na kugusa kwa mgongo wa kidole chuma cha kupoozea. Vuguvugu ni sawa. Halafu unga spika ndogo yoyote ya redio mbovu, voliumu chini kabisa, na upandishe polepole. Za mzee unga mwisho.